Bulaq Yetu Iko Matondoni

Nilipokuwa mtoto chuoni, mji wa kwanza wa ng'ambo nilioujua kwa jina haukuwa London wala Bombay. Ulikuwa Bulaq. Maalim wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na sanduku la mvule lililojaa vitabu vya karatasi za manjano, vilivyokwisha kuliwa na nondo pembezoni, na katika kurasa za mwisho za baadhi yavyo palikuwa na maneno machache ya Kiarabu yasemayo kwamba kitabu hiki kimepigwa chapa Bulaq, katika nchi ya Misri. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuvitoa vitabu hivyo kila mwezi wa Shaabani, kuvikung'uta vumbi na kuvianika kivulini, na katika kuvianika tulikuwa tukisoma maneno hayo kwa sauti kama watu wazima. Mimi nilidhani Bulaq ni jina la mwanachuoni mkubwa. Mwenzangu mmoja aliapa kuwa ni msikiti. Maalim alipotusikia tukibishana alicheka, akasema, "Bulaq ni mahali pa mafundi," kisha akaturejesha kwenye juzuu zetu.

Miaka mingi ilipita ndipo nilipofahamu kuwa maalim alisema kweli tupu. Bulaq ni mtaa wa Kairo ulio ukingoni mwa Mto Nili, na zamani ndio uliokuwa bandari ya mji huo mkubwa. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipotaka kuiinua nchi yake mwanzoni mwa karne ya 19, hapo Bulaq ndipo alipoyaweka mengi ya matumaini yake: viwanda vya kusokota na kufuma pamba, karakhana ya kusubu chuma, gudi ya kuundia vyombo, na mwaka 1820 mtambo wa kupigia chapa, ule uliotoa vitabu vya maalim wetu. Na kabla ya mtambo huo, alipokuwa akijitayarisha kwa vita vya Hijazi vilivyoanza mwaka 1811, alihitaji merikebu katika Bahari ya Sham, naye huko Suez hakuwa na miti wala karakhana. Basi merikebu zilichongwa Bulaq, vipande vyake vikapakiwa juu ya migongo ya ngamia, vikavushwa jangwani hadi Suez, na huko vikaungwa, vyombo vikashuliwa majini. Al-Jabarti, mwanahistoria aliyeishi Kairo siku hizo, ameyaandika.

Mtaa huo wa mafundi umepatwa na nini? Kila baada ya kizazi kimoja au viwili mji mkubwa umeutazama ukaona kwamba umekaa mahali pazuri mno kwa watu wa aina ile. Mwaka 1979 shirika la UNESCO liliiandika Kairo ya Kale katika daftari la urithi wa dunia. Mwaka huo huo, katika utawala wa Anwar Sadat, zilianza kuhamishwa familia zipatazo 5,000 kutoka sehemu ya Bulaq, zikapelekwa mitaa ya mbali ya al-Zawiya al-Hamra na Ain Shams, na kufikia mwaka 1981 kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Ukingo wa Nili ulitakiwa kwa mahoteli na majumba ya kisasa. Mwaka 2018 ikaja zamu ya pembe nyingine ya mtaa huo, iitwayo Pembetatu ya Maspero, nayo ikabomolewa. Mpaka leo wako mafundi na wachuuzi Bulaq, na soko lake la nguo za mitumba na vipuri vya magari lina sifa Misri nzima, lakini wanakaa kama mtu anayekaa kwenye kiti huku akisikia hatua za mwenye kiti mlangoni.

Nayaeleza haya si kwa kutaka kuwachukua wasomaji wangu hadi Misri, ambako mimi mwenyewe sijafika, bali kwa sababu majuzi nilikwenda Matondoni, na tangu nirudi neno la maalim halinitoki kichwani.

Kwa asiyejua, Matondoni ni kijiji kilicho upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa cha Lamu, kikiutazama mkono wa bahari unaokitenga kisiwa na bara. Mgeni anayeshuka gatini Lamu, akatembea barabara kuu ya mawe, akaona milango ya nakshi na punda, akaenda Shela kuoga baharini, anaweza kurudi kwao akiamini kuwa amekiona kisiwa kizima, naye Matondoni hata jina hakulisikia. Kwenda huko ni kwa mashua, ukizunguka kwa maji mengi kupitia mikokoni, au kwa njia ya mchanga inayokata mashamba ya minazi. Ukifika, kitu cha kwanza si nyumba wala msikiti. Ni sauti. Tezo inagonga mti, nyamaza kidogo, inagonga tena.

Watu wa serikali na watu wa vitabu huandika "kijiji cha wavuvi". Jina hilo silipendi. Wavuvi wapo, kama walivyopo Kipungani, Faza na Kizingitini, lakini kilichoipa Matondoni sifa katika pwani yote hii ni uundaji wa vyombo, na mahali ambapo watu wengi wanashirikiana kwa zamu na kwa daraja kuitoa mali ghafi msituni na kuigeuza kitu kinachouzwa na kusafiri bahari kuu, jina lake ni karakhana. Kukosa bomba la moshi na king'ora cha saa mbili asubuhi si sababu ya kuinyima heshima hiyo.

Hebu tutazame kazi yenyewe, kwani aghalabu husifiwa na watu wasioitazama. Fundi wa Matondoni hana ramani ya karatasi. Chombo kizima kiko kichwani mwake, urefu kwa dhiraa, unene kwa shibiri na vidole, na yaliyobaki ni kamba na jicho. Mkuku hulazwa kwanza juu ya magogo, na mkuku ukilazwa kombo hakuna baadaye kitakachonyooka. Fashini husimamishwa mbele na nyuma, kisha zinakuja mbao na mataruma. Hapo kwenye mataruma ndipo mtu anapotambua kuwa kazi ya chombo huanzia mbali na ufuko. Taruma, ule ubavu wa chombo, halikunjwi kwa moto wala kwa mashine. Hutafutwa likiwa limekwisha kujikunja lenyewe. Fundi huingia mikokoni maji yakiwa yametoka, matope yakimfika magotini, akawa anautazama kila mti na kujiuliza tawi hili ni ubavu wa wapi, wa tumbo la chombo au wa karibu na omo. Mti ulionyooka, ambao mwenye kujenga nyumba angeufurahia, yeye huupita. Mlilana na mkomafi wenye vipindo ndio mali yake. Nilipata kumsikia mzee mmoja akisema kuwa kuna miti aliyoijua tangu michanga, akiipitia kila miaka michache kama mtu anavyopita kuwajulia hali wajukuu, akingoja ikomae ifikie kuwa mataruma ya chombo ambacho bado hakijaagizwa. Huyo ndiye tunayeambiwa kuwa ni adui wa msitu.

Mbao za ubavuni zilikuwa zikitoka bara, mbambakofi na mvule, zikapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini ya gogo, yule wa chini akila unga wa mbao kutwa. Tundu za misumari zilitobolewa kwa keekee ili mti usipasuke. Kisha kalafati, kazi inayoonekana ya kitoto na ambayo ndiyo roho ya chombo: pamba iliyotiwa mafuta inashindiliwa katika kila mwanya baina ya ubao na ubao, kwa nyundo na patasi butu, siku baada ya siku. Chini chombo hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa kuzuia wadudu wanaotoboa mti, na juu mbao hushibishwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake ukiizoea utotoni, hata ukiwa mzee mjini ukiipata ghafla moyo unakurudia.

Na wanawake wasisahauliwe, kama wanavyosahauliwa kila mara tunapoandika habari za bahari. Mikeka ya Matondoni inajulikana, na ususi wa miyaa haukuanza kwa ajili ya mtalii mwenye kutaka kikapu cha ukutani. Mtepe, chombo cha babu zetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, kilisafiri kwa tanga la mkeka. Kamba ilisokotwa na watu, na mkeka ulisukwa na watu. Mitepe ilitoweka baharini katika miaka ya 1930 hivi, lakini mikono ya kusuka ilibaki, ikaendelea kupika, kulea na kuingiza senti nyumbani katika miezi ambayo fundi hakuwa na chombo cha kuunda. Bila ya fedha hiyo ya mikeka, mafundi wengi wangeliacha tezo zamani.

Sasa, karakhana haifi kwa sababu mafundi wamesahau. Hufa wateja wakiondoka. Jahazi la Lamu lililishwa na biashara, na sehemu kubwa ya biashara hiyo ilikuwa mikoko. Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na watu wake waliipanga miti hiyo kwa unene na kwa majina, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kama mtu wa duka anavyopanga vitambaa. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa vyumba vyetu vya mawe, kwani chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko mti unaobeba dari yake. Na ndiyo iliyoezeka nyumba za Basra, Kuwait na Bahrain, nchi zisizo na miti, ambazo vyombo vyao vilikuja na kaskazi vikiwa na tende na mazulia, vikarudi na kusi vikiwa vimejaa boriti mpaka maji yakafika karibu na ukingo. Kisha Ghuba wakapata mafuta, na kwa mafuta wakapata saruji na chuma. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na wakati huo malori yalikuwa yamekwisha kuyanyang'anya majahazi mizigo yao mingine ya pwani. Mimi nilikuwa kijana mdogo siku hizo. Nakumbuka majahazi yamelala mchangani miezi mingi, mlingoti umeshushwa, watoto tukicheza ndani ya ngama tukidhani kuwa chombo kimepumzika.

Nilipokwenda majuzi nilikuta kazi ipo, asije mtu akasema nimeizika hai. Mashua mbili zilikuwa juu ya magogo, moja ya mvuvi na moja ya kuchukulia watalii machweo, na ya tatu imeletwa kubadilishwa mbao. Chini ya paa la makuti alikaa fundi wa umri wa marehemu baba yangu, akichonga taruma. Nikamwamkia, nikaketi juu ya gogo.

"Ami, vijana wako wapi?"

"Vijana hawayi, mwanangu. Ndia ya pikipiki ni nyepesi. Yeo asubuhi akiendesha, yeo jioni ana chake mfukoni. Mimi nikimwita apa, nimwambie nini? Kwamba atalipwa chombo kikisha, na chombo chenyewe chataka mbao, na mbao zataka kibali?"

Hapo kwenye kibali alisimamisha tezo. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma nchini kote, kwa sababu mito ya bara ilikuwa ikikauka. Wakata mikoko wa Lamu, ambao mti wao unaota ndani ya maji ya chumvi, wakakumbwa na amri ile ile. Ruhusa iliporudi ilirudi na masharti yake. Simlaumu mtu kwa kutaka kuuhifadhi msitu. Mikoko ikiisha, samaki hana pa kuzalia na ufuko hauna wa kuuzuia usiliwe na mawimbi, na ni kweli kuwa wapo watu waliokata bila huruma, wengine wakichoma chokaa, wengine wakiuza kwa magendo. Lakini mtu anayehitaji vipindo 40 vya miti iliyochaguliwa mmoja mmoja, kwa chombo kitakachodumu miaka 30, hafai kupangwa foleni moja na mwenye kutaka shehena ya boriti. Sheria isiyoweza kuwatofautisha wawili hao imeandikwa na mtu ambaye hajapata kuingia mikokoni.

Mpwa wangu naye ana kisa chake. Alikwenda katika ofisi moja, ambayo siitaji, kuomba mkopo wa kununulia mbao. Akapewa fomu yenye orodha ya kazi. Akatafuta uundaji wa vyombo, hakuuona. Karani akamshauri kwa upole aandike "useremala" au "uvuvi". Akaandika useremala. Akaulizwa cheti cha useremala. Hakuwa nacho, kwa kuwa aliyemfundisha ni babu yake, na babu yake alifundishwa na baba yake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na muhuri. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapa ndipo ninapotaka kusema neno langu. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika Mji wa Kale wa Lamu katika daftari la urithi wa dunia. Tulifurahi, na ilistahili tufurahi, kwa sababu bila ya hivyo nyumba nyingi zingekwisha kugeuzwa maghala ya saruji. Lakini tazameni ule mstari ulichorwa wapi. Ulichorwa kuzunguka nyumba za mawe, yaani nyumba za matajiri, za wenye vyombo, wenye mashamba na, tusifichane, wenye watumwa. Mahali palipoundwa vyombo vilivyoleta mali iliyojenga nyumba hizo pakabaki nje ya mstari. Mlango wa nakshi una ulinzi wa dunia. Mkono wa Matondoni, ambao ni ndugu wa mkono uliouchonga mlango huo, hauna hata nafasi katika fomu ya karani.

Nitaambiwa: basi unataka Matondoni nayo iandikwe katika daftari? La, sitaki. Nimeona kinachofuata. Paa la makuti litapigwa picha, mzee atalipwa achonge mbele ya wageni saa nne hadi saa sita, na ubao utasimamishwa ukieleza kwa lugha tatu kazi ambayo haifanyiki tena. Maonyesho yana faida yake, na mashindano ya mashua wakati wa sherehe za Lamu napenda kuyatazama kama mtu yeyote. Hata ile safari ya Flipflopi, chombo kilichoundwa Lamu mwaka 2018 kwa plastiki iliyookotwa fukweni, kikasafiri mwaka uliofuata hadi Unguja, iliniondolea fikira ya kijinga niliyokuwa nayo, kwamba ufundi huu hauwezi kutengana na mti. Waliokiunda walikuwa mafundi wa mbao, na elimu ya mikono yao ndiyo iliyokubali kuhamia katika kitu kipya. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa ninalilia tezo kwa sababu ni ya zamani. Mvuvi akitaka boti ya faiba na mashine, na aiagize. Ninachouliza ni kwa nini boti hiyo isiundwe na mtu wa Matondoni.

Swali hili si la burudani. Ng'ambo ya kisiwa, Magogoni, imejengwa bandari mpya, na gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Imekusudiwa kuwa na magati 32, pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta kuelekea Ethiopia na Sudani Kusini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioharibiwa riziki na ujenzi huo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na baadaye pande hizo zikazungumzia sehemu ya fidia kutolewa kwa fedha na sehemu kwa vyombo na zana za uvuvi. Vyombo! Niliposoma habari hiyo niliweka gazeti chini. Visiwani petu kuna kijiji ambacho kazi yake tangu mababu ni kuunda vyombo, na kuna wavuvi maelfu wanaodai vyombo. Mtu angedhani mawili haya yatakutana yenyewe kama maji na mtungi. Lakini vyombo vya namna hiyo hununuliwa kwa zabuni, na zabuni hutaka kampuni iliyoandikishwa, cheti cha kodi na taarifa za benki za miaka iliyopita. Mzee wangu wa chini ya makuti ana tezo.

Kwa hivyo nina maombi kwa wenye madaraka, nayo si makubwa. Wizara na kaunti, zinapotaka mashua ya kuchukulia wagonjwa, ya walimu, ya askari wa misitu, ziagize Matondoni angalau sehemu. Kibali cha mataruma kitenganishwe na kibali cha boriti, kitolewe Lamu hapa hapa na mtu anayejua kipindo ni nini. Serikali sasa inasema kwamba ujuzi uliopatikana nje ya darasa unaweza kupimwa na kupewa cheti. Basi mafundi wa Matondoni wapimwe, na wenye kuwapima wawe wazee wao, kwani sijui mhandisi gani wa Nairobi atakayemsahihisha mtu huyu mkuku wake. Na ufuko wenyewe, lile gudi la mchanga lenye magogo, uandikwe kuwa ni mali ya kijiji kabla bei ya ardhi haijapanda. Shela tuliiona. Watu waliuza viwanja vyao kwa fedha iliyoonekana nyingi, na leo watoto wao wanaingia katika viwanja hivyo kwa mlango wa nyuma, wakibeba mizigo ya wageni. Sisemi wageni ni wabaya, wengine ni majirani wema. Lakini karakhana haiwezi kuhamia mlimani. Chombo huundwa pale ambapo maji yatakuja kukichukua.

Nawageukia pia watu wa Matondoni, wasije wakadhani kuwa nawabembeleza. Wapo mafundi wanaoficha ujuzi kama mchawi anavyoficha hirizi, mwanafunzi akakaa miaka mitano akishika tu kamba ya keekee. Wapo wanaochukua malipo ya mwanzo wakaacha chombo kikipigwa na jua mwaka mzima. Mteja aliyefanyiwa hivyo akienda kununua boti ya kiwandani Mombasa, siwezi kumlaumu.

Jua lilipoanza kuteremka, maji yakawa yanapanda na nahodha wangu akaniita. Kabla ya kuondoka nilimhadithia yule fundi habari za Bulaq, jinsi merikebu zilivyochongwa kando ya Nili, zikavushwa jangwani juu ya ngamia. Alisikiliza huku akipitisha kidole juu ya mkunjo wa taruma. Akaniuliza ngamia mmoja alichukua mbao ngapi, akatikisa kichwa. Akaniuliza mkuku waliupakiaje, kwani mkuku ni mrefu. Kisha akanyamaza kitambo.

"Na mafundi nao walikwenda?"

"Walikwenda, ami. Nani mwingine angeziunga huko?"

"Ehe," akasema, na akaishika tezo.